Kanga ya Mke Wangu Ndani ya Kamba ya Ndui

Nacheka nikisimulia, lakini msidanganyike na meno haya, ndugu zangu, ndani bado naungua. Kule Geita kuna watu mpaka leo hawalijui jina langu la Masele, wananijua kwa jina la Mama Mtungi, na nikipita kule, mzee mzima na mvi zangu, utamsikia mzee mwenzangu ananiita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Mtungi, hujambo?", na wote waliomzunguka wanakufa kwa kicheko. Nimeshazoea. Nilipandishwa juu ya sanduku mbele ya wafanyakazi wa mgodi mzima, nimevaa kanga ya mke wangu, na mama mkwe wangu amesimama karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angenigusa. Msukuma akifika hapo tu anashika kichwa. Asiye Msukuma itabidi nimweleze.

Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuogopwa kuliko simba. Humtazami usoni, huli mbele yake, hampishani mlangoni, ukimwona anakuja njiani unaingia porini mpaka apite, na yeye vilevile akikuona anajitanda nguo anageukia upande wa pili. Si chuki hata kidogo, ni heshima, tena kubwa kuliko ile unayompa mama yako aliyekuzaa. Mimi mama mkwe wangu nilimpenda sana (mwanamke mrefu, mkimya, mkulima hodari wa pamba huko kwao Kishapu), na kwa kuwa nilimpenda nilimkimbia kwa bidii.

Miaka hiyo ni ile baada ya vita ya Hitla, Mwingereza yuko juu ya kiti, nami nafanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu katika mgodi mmoja. Tulikaa kwenye laini za wafanyakazi, nyumba zimeshikana kama meno, kila familia chumba kimoja, na nyuma kibanda kidogo cha kupikia. Mke wangu Milembe alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Minza, na mama yake akatoka Kishapu kuja kumsaidia. Tulijipanga vizuri tu. Mama mkwe alilala kwa mjane mmoja wa kwao kwenye laini nyingine, mimi nikiwa kazini anakuja kumwogesha mtoto, nikirudi anaondoka, nikiwa nimelala ndani yeye anabaki nyuma ya nyumba na binti yake. Tungeweza kuishi hivyo hata mwaka mzima tusikutane.

Ndipo ikaja ndui.

Naomba mnielewe hapa, kwa sababu watu wakisikia kisa changu wanadhani mimi ni wale wanaoikataa dawa. Baba yangu mdogo alipata ndui, nilimwona kwa macho yangu, uso ulibaki kama ardhi iliyonyeshewa mvua ya mawe na jicho moja likafa. Waliposema wanaume wachanjwe pale kwenye mdomo wa shimo, nilikuwa wa kwanza katika zamu yetu kukunja shati. Mkono ulivimba, ukaniwasha, nikafurahi, nikajua dawa imeshika. Sikuwa mkaidi. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye niliitwa mkaidi kwa lugha mbili.

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nimelala kama gogo, nikaamshwa na filimbi. Mpasua kuni mmoja wa laini yetu amekutwa na ndui, amepelekwa kwenye banda la wagonjwa, na sasa karantini. Kamba ya katani imezungushwa kwenye laini yetu nzima, imefungwa vitambaa vyekundu, na kwenye kamba wamesimama askari wa mgodi na marungu. Hatoki mtu. Haingii mtu. Isipokuwa wanawake, ambao watakwenda bwawani kuchota maji jioni, wakisindikizwa.

Na mama mkwe wangu? Yuko nyuma ya nyumba anamwogesha mjukuu wake. Ndani ya kamba.

Jamani, mimi nimo ndani ya chumba, yeye yuko nyuma ya ukuta huohuo, na kati yetu Milembe analia, mara anakuja kwangu, mara anakwenda kwa mama yake, kama mjumbe wa falme mbili. Siku ile ya kwanza nilikaa nje karibu na choo mpaka jua likazama ili mama apate kuingia ndani apumzike. Hakuingia. Aliona aibu kulala kwenye chumba chenye kitanda cha mkwewe. Akalala kwenye kibanda cha kupikia, na kibanda kile kilikuwa na paa la kuombea Mungu, na usiku ule mvua ikanyesha.

Siku zikaenda hivyo. Chakula alikuwa anakigusa tu, maana akijua niko karibu hawezi kula, na ndani ya kamba ile mimi nilikuwa karibu siku zote, ningekwenda wapi? Akaanza kukohoa. Milembe akaniambia kwa sauti ya chini, akiwa amempakata mtoto, "Baba Minza, mama hali, mama halali. Ndui haijamkuta lakini sisi tutamuua."

Hebu sasa niseme kilichonikasirisha kabla sijafika kwenye kanga, maana kanga ni matokeo tu. Sisi tuliofungwa kamba tulikatazwa kwenda kazini, sawa. Soko la kambi likafungwa, sawa. Mzee mmoja wa laini ya jirani alifariki, wala si kwa ndui, kwa uzee wake, wakakataza watu kuzika, akazikwa na askari kama mzigo, na wanawe wakiangalia kwa mbali. Lakini kinu hakikusimama hata siku moja! Tulikisikia kikiunguruma usiku na mchana. Wanaume wa laini nyingine walishuka shimoni wamebanana kwenye ndoo ya chuma, pua kwenye kisogo cha mwenzake, na ndui huyo anayeogopwa sokoni na makaburini inaonekana alikuwa haruhusiwi kushuka shimoni. Wazungu nao walipanda magari yao wakaenda Mwanza wakarudi. Kamba ilikuwa yetu peke yetu. Hata chakula cha waliofungwa hakikufikiriwa, tulikula kwa huruma ya wenzetu waliotusogezea mihogo kwa kutumia fito ndefu kama wanaolisha simba.

Basi nikavaa shati langu, nikaenda mwenyewe kwenye kamba. Alikuwepo askari tuliyemwita Filimbi, Msukuma kama mimi, anayejua vizuri kabisa mkwe ni nini. Nikamwamkia kwa adabu, nikamwambia:

"Ndugu yangu, mama mkwe wangu amo ndani. Huu si msiba mkubwa, dawa yake ni ndogo. Kule nyuma ya bwawa kuna banda la zamani la mbao, halina mtu. Nifungieni mimi kule, peke yangu, mnifunge hata kwa kufuli. Nisile na mtu, nisiongee na mtu. Mama apate kulala ndani."

Akanitazama kama ninayeongea Kichina. "Amri imesema kila mtu alipo abaki alipo."

"Najua. Ndiyo maana naomba ukamwulize Bwana Afya. Mwulize tu."

"Wewe unataka nimwambie Mzungu habari za mama mkwe? Anicheke?" Akapuliza ile filimbi yake usoni mwangu. "Amri ni amri. Rudi ndani!"

Hakwenda kuuliza. Likumbukeni hilo, kwamba hakwenda kuuliza.

Jioni yake ndipo nilipofanya uamuzi wangu, na ulikuwa uamuzi mdogo tu, mdogo kama kuamua kuvaa viatu au kwenda peku. Nilifikiri hivi: wanawake wanatoka kwenda bwawani, banda la mbao liko nyuma ya bwawa, nivae nguo za Milembe, nibebe mtungi, nitoke nao, nikifika bwawani niteleze kwenye matete niingie bandani nijifunge mwenyewe. Simwambukizi mtu, simkimbii mtu. Najiwekea karantini ambayo serikali imeshindwa kuniwekea.

Milembe alikataa, kisha akacheka, kisha akalia, kisha akanifunga kaniki kiunoni, akanivika kanga mabegani na nyingine kichwani mpaka machoni. Ile ya mabegani ilikuwa kanga yake ya harusi, imeandikwa KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE. Akaniwekea ngata kichwani na mtungi juu yake. "Tembea polepole," akasema. "Usirushe mikono. Na kwa jina la Mungu, usiteme mate kiume."

Sikuwahi kubeba mtungi maishani. Nataka niseme hapa hadharani kwamba wanawake ni watu wenye shingo za chuma. Mtungi ukiwa mtupu tu tayari nilikuwa nayumba kama mlevi wa sikukuu, lakini nilijipenyeza katikati ya kundi, nikainama, Filimbi akatupitisha akituhesabu kwa rungu kama mbuzi, na hakuniona. Nikatoka nje ya kamba! Moyo ulikuwa unapiga kuliko kinu.

Tulipofika bwawani nikaanza kusogea upande wa matete, taratibu, nikijifanya natafuta maji safi. Ghafla nikasikia nyuma yangu sauti ya kukohoa. Kile kikohozi nakijua, nimekisikiliza siku zote hizo kupitia ukutani. Nikatupa jicho chini, nikaona miguu yenye bangili za shaba.

Mama mkwe.

(Baadaye nilikuja kujua kwamba naye siku ile alikuwa ameamua kutoka akachote maji bila kumwambia binti yake, ili walau kwa muda mfupi mkwewe apate kukaa nyumbani mwake bila kusumbuliwa. Yaani mimi natoka ili nimpishe yeye, yeye anatoka ili anipishe mimi, tukakutana bwawani.)

Nilisimama pale kama mti. Akanisogelea, hana habari, anamwona mwanamke mnene mwenye aibu. Akasema kwa Kisukuma, kwa upole, "Mwanangu, nisaidie kujitwisha, mgongo wangu umeshikwa na baridi."

Nimsaidie! Nishike mtungi mmoja naye, kifua kwa kifua, pumzi kwa pumzi! Nikatikisa kichwa. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikampa mgongo. Mwanamke mwingine akaja akamsaidia, na mama akamwambia yule mwingine, mimi nikisikia, "Wanawake wa mgodini wamekosa malezi." Kisha akashusha pumzi. "Afadhali mkwe wangu. Yule mtu analinda heshima mpaka anakaa chooni kutwa nzima. Mimi namhurumia. Afadhali nife kwa baridi kuliko kumfukuza mtu kwake."

Ndugu zangu, machozi yalinitoka ndani ya kanga.

Ningeingia kwenye matete wakati ule, kisa kingeishia hapo. Lakini filimbi ikalia, askari wakaanza kutuswaga turudi haraka, na mmoja alisimama palepale matetini akijisaidia, nikakosa njia. Nikachota maji ovyo, nikajitwisha sijui vipi, nikajikuta kwenye mstari wa kurudi, na mama mkwe yuko mbele yangu, na mgongo wake nauona na sina ruhusa ya kuuona.

Tulipokaribia kamba tukakuta meza. Nyuma ya meza Bwana Afya, Mzungu mwenye soksi ndefu na uso mwekundu, pembeni yake karani mkalimani aliyetoka pwani, na mchanjaji mmoja. Hakuna aliyeambiwa. Siku ile wameamua kuwachanja wanawake, na wameona waviziwe wakitoka majini, mitungi iko kichwani, mikono yote imeshika mitungi, hawawezi kukimbia. Pale pale njiani, hadharani, wanaume wa laini zote za jirani wanaangalia, mashemeji, wakwe, kila mtu. "Shusheni nguo mabegani!" karani akapiga kelele. Wanawake wakasita. Hawakukataa dawa, walikuwa wanatafuta tu pa kujificha. Mama mmoja akauliza kama wanaweza kwenda nyuma ya nyumba. Filimbi akamvuta nguo mwenyewe.

Mama mkwe akachanjwa, amefumba macho, amegeuza uso. Nami nyuma yake nimefumba yangu.

Kisha nikasikia, "Wewe, mnene, sogea!"

Sikusogea. Filimbi akaja akashika kanga yangu begani akaivuta kwa nguvu zake zote, na begani pakatokea mkono mweusi wenye misuli na manyoya, na juu yake kidonda kibichi cha chanjo, kizuri, kilichoshika barabara. Mchanjaji akakitazama. Akasema, masikini, kwa adabu kabisa, "Mama, mbona wewe umeshachanjwa? Umechanjwa wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, kwa kuchanganyikiwa nikajibu kwa sauti yangu hii hii ya gunia la mawe, "Kwenye mdomo wa shimo."

Hapo mtungi ukaniponyoka. Ulipasukia mbele ya meza, maji yote yakaingia kwenye buti za Bwana Afya, kanga ya kichwani ikafuatana na mtungi, nikabaki kichwa wazi na ndevu za siku zote za karantini. Halafu kicheko kililipuka, jamani, kicheko cha watu waliofungwa siku nyingi bila furaha yoyote. Katika kicheko kile nikasikia sauti moja tu ambayo haikucheka. Ilikuwa kama ya mtu aliyechomwa mwiba. Mama mkwe alikuwa amegeuka, ameniona. Akajitanda nguo uso mzima, akachutama chini.

Bwana Afya hakucheka. Alisema maneno mengi, karani akayafupisha: "Bwana anasema watu kama wewe ndio wanaoeneza ugonjwa. Anasema Waafrika hawasikii. Utakuwa mfano."

Wakaleta sanduku la mbao, wakanipandisha juu yake na kaniki yangu, na kanga wakanirudishia mabegani makusudi. Karani akaombwa asome maandishi ya kanga, akasoma kwa sauti, akamtafsiria Mzungu, na Mzungu akatikisa kichwa kama aliyeambiwa habari za kunguni wa kweli. Na ilikuwa saa ya kubadilishana zamu! Wanaume wote wanaotoka shimoni na wote wanaoingia wakapita pale, wakasimama, wakaja na wake zao, wakapandana mabegani waone. Yule yule aliyekataza watu kumi wasizike baba yao aliitisha kusanyiko kubwa kuliko yote niliyoyaona mgodini, wakabanana, wakakoholeana, ili wamtazame mtu aliyevunja amri ya kutokusanyika. Nilitaka kusema hivyo. Ukiwa na kaniki kiunoni maneno hayatoki.

Aliyesema ni mama mkwe. Alisimama, mgongo wake umenielekea mimi, nguo imefunika uso, akasema kwa Kisukuma na kila mtu akasikia:

"Mwulizeni huyo bwana kama mke wake ana mama. Huyu mtu alikwenda kwenye kamba akaomba kwa kinywa chake afungiwe peke yake. Nilimsikia, nilikuwa nyuma ya nyumba. Mkakataa. Mlifunga kamba mkaondoka, hamkuuliza nani analala na nani. Nimelala jikoni mvua ikininyeshea, nimekaa na njaa, nimenyamaza, kwa sababu ugonjwa huu naujua, nimezika watoto wangu kwa ugonjwa huu. Dawa yenu nimeikubali. Sasa mmemvua mkwe wangu mbele ya macho yangu. Mtanipa macho mengine?"

Kicheko kilikwisha kama moto uliomwagiwa maji. Bwana Afya akauliza, anasema nini? Karani hakijui Kisukuma, akamgeukia Filimbi. Na Filimbi, aliyeombwa ruhusa na hakwenda kuuliza, Filimbi alisimama wima akasema kwa Kiswahili safi, "Anaomba radhi kwa makosa ya mkwewe."

Karani akatafsiri. Mzungu akapungua hasira, akamtikisia mama kichwa kwa upole. "Mwambieni nimemsamehe."

"Hakusema hivyo!" nikapiga kelele kutoka juu ya sanduku. "Hakusema hivyo!" Rungu likanipata ubavuni, na karani akasema nikiongeza neno nitaongezewa muda. Watu walisikia. Wote pale walikijua Kisukuma, wote walisikia alichosema mama na alichotafsiriwa. Nilikaa juu ya sanduku mpaka jua likazama, na nilipoteremka watu walikuwa wameondoka kimyakimya, hawacheki tena.

Asubuhi kamba ilikuwa imelala chini na laini nzima milango ilikuwa wazi. Watu walikuwa wamekimbia. Si wa laini yetu tu, hata wa laini ambazo hazikuwa na mgonjwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Lutonja, mwenzangu wa kinuni, naye alikuwa ameondoka na mkewe na binti yao mdogo Limi. Wakapita porini, wakashika njia ya Shinyanga kwenda kwao Kishapu. Baadaye wapita njia wakatuletea habari kwamba Limi alikuwa na homa tangu pale kambini, vipele vikamtoka njiani, akafariki kabla hawajafika, wakamzika kando ya njia chini ya mawe. Na nyumba walikoomba maji na malazi, nazo ndui ikaziingia.

Kweli ndui ilienea. Bwana Afya alisema kweli, Waafrika walieneza ugonjwa. Lakini nani aliwakimbiza?

Wakaongeza askari, wakachoma nyumba zilizoachwa. Watu wakazidi kukimbia. Sasa nawaambieni kilichobadilisha mambo, na sijui nicheke au nipasuke: kinu kilinyamaza. Watu wa kukiendesha hawakuwepo. Kile kimya kilisikika mpaka Mwanza, nadhani, kwa sababu upesi upesi wakubwa wa mgodi wakamwita mwanangwa, yaani kiongozi wetu wa kijiji, wakamkalisha kwenye kiti, wakamwuliza watu wanataka nini. Kilio cha mama hawakukisikia, kimya cha kinu kikawatoboa masikio.

Mwanangwa akawaambia mambo ambayo hata mtoto angewaambia. Jengeni uzio wa matete, wanawake wachanjiwe ndani yake, na wake wa wahudumu wawashike mkono. Waulizeni watu kabla ya kufunga kamba, nani ni mkwe wa nani, mkawape mahali pa kulala. Wapelekeeni unga. Waachieni watu wachache wazike. Tangazeni siku moja kabla. Na ikiwa soko ni hatari, basi na shimo ni hatari, punguzeni watu kwenye ndoo. (Hilo la mwisho walilifanya nusu tu, lakini walilifanya.) Watu wakakata matete, ikachukua asubuhi moja. Na wanawake wakaja! Walikuja wenyewe, wengine kutoka vijiji vya mbali, na watoto migongoni, wakapanga mstari mrefu nje ya uzio. Wale wale wasiosikia. Asubuhi moja na matete, jamani. Ndicho kitu walichotunyima mwanzoni, na Limi tayari yuko chini ya mawe.

Mama mkwe alirudi kwao karantini ilipokwisha, amepona kikohozi. Ilibidi nipeleke mbuzi Kishapu kwa wazee kufuta aibu ya kuonekana, nami nilipeleka nikinung'unika njia nzima, maana mbuzi yule alipaswa kutoka kwenye zizi la serikali. Mama aliikubali radhi yangu. Lakini hakuja tena kulala kambini kwetu, hata tulipopata watoto wengine, na Milembe alijifungua kwa msaada wa majirani tu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa mnadani Kishapu nikiuza ng'ombe, nikamkuta Lutonja. Alikuwa na makovu ya ndui usoni (chanjo yake ya pale shimoni haikushika), amezeeka kuliko umri. Siku ile wachanjaji walikuwa wamepiga hema pembeni ya mnada, nikamwambia ndugu yangu, wewe yamekupita, lakini hao wajukuu uliokuja nao, twende wakachanjwe. Akalitazama lile hema, akakataa kwa kichwa. Tukakaa. Kisha akaniuliza, "Masele, siku ile ya sanduku, nani walikucheka?"

"Wote," nikasema.

"Hata mimi," akasema Lutonja. "Nilicheka sana, mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikarudi nyumbani nikamshika Limi, ana homa, na kifuani kuna kipele kimoja. Nikajua kesho ni zamu yangu kupanda."

Nilinyanyuka nikawashika wajukuu wake mkono, nikawapeleka hemani mwenyewe, na kabla hawajakunja nguo nikamwambia mchanjaji, kwa sauti ambayo mnada mzima uliisikia, kwamba watoto hawa watachanjiwa ndani na pazia lishushwe, la sivyo siondoki hapa mlangoni. Akanitazama, akashusha pazia. Haikuchukua muda wowote.

Nguo za mke wangu sizivai tena, hilo nimeapa, hata kaniki ya kujifunikia nikiwa na homa. Lakini nimeapa na lingine. Popote nitakapomwona mtu anapandishwa juu ili wengine watii, sitacheka, na sitamruhusu aliye karibu yangu acheke.